Mkusanyaji na Mwalimu Wake: Maisha ya W. E. Taylor wa Mombasa

Utangulizi

Wapo wakusanyaji wa vitabu ambao furaha yao iko kwenye jalada. Hupenda ngozi iliyolainishwa, herufi za dhahabu mgongoni mwa kitabu, na zaidi ya yote sahihi ya mtunzi katika ukurasa wa kwanza, kwa sababu sahihi hiyo ni ushahidi kuwa mkono uliotunga uliigusa karatasi ile. Desturi hiyo haikuanzia wala kuishia Ulaya. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, misahafu iliandikwa kwa mkono, ikapambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, kisha ikajalidiwa kwa ngozi. Mwishoni mwa nakala, kwa desturi ya waandishi wa hati za Kiarabu, mwandishi aliweka jina lake na tarehe ya kumaliza kazi, akajiombea msamaha kwa makosa ya kalamu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi yake.

Mombasa ya karne ya 19 ilikuwa na hazina kubwa isiyokuwa na jalada wala sahihi. Hazina hiyo ni mashairi ya Muyaka bin Haji. Mtunzi mwenyewe hakuacha diwani yenye jina lake. Mashairi yake yalibaki vinywani na vifuani mwa watu, na kila mzee aliyezikwa aliondoka na beti zake. Mtu anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeyaokoa ni kasisi wa Kiingereza, William Ernest Taylor. Sifa hiyo ni yake kwa haki. Hata hivyo, si yake peke yake, wala asingeipata bila ya mtu mwingine, mwenyeji wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Makala haya yanasimulia maisha ya mkusanyaji huyo, na kwa kufanya hivyo yanalirejesha jina la mwalimu mahali linapostahili.

Kuja Mombasa

Taylor alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Worcester, Uingereza. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, akajiunga na shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza lililojulikana kwa kifupi kama CMS, na mwaka 1880 akatumwa Afrika Mashariki. Alikuwa kijana wa miaka 24.

Shirika hilo halikuwa geni katika sehemu hizo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakafungua kituo Rabai. Mwaka 1875 kikaanzishwa kituo cha Freretown upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Krapf ndiye aliyeanza kuandika msamiati wa Kimvita kwa herufi za Kirumi. Kamusi yake kubwa ilichapishwa mwaka 1882, baada ya yeye kufariki mwaka 1881. Kwa hiyo Taylor alifika wakati kazi ya kizazi cha kwanza ikimalizika.

Mombasa aliyoikuta si hii ya leo. Watu waliishi zaidi katika mji ambao sasa huitwa Mji wa Kale, wenye vichochoro vyembamba vilivyoshuka hadi bandari ya majahazi, Ngome ya Yesu ikiwa upande mmoja. Mitaa kama Majengo, ambayo baadaye ilijaa watu na nyumba za Kiswahili, ilikuwa bado haijawa mitaa. Reli haikuwapo, ujenzi wake ulianza mwaka 1896. Mji ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, na liwali wake ndiye aliyeusimamia. Ulikuwa mji wa Kiislamu wenye misikiti, vyuo vya Kurani, wanazuoni na washairi, na wenyeji wake walikuwa na kiburi kizuri cha lugha yao.

Taylor alikuja ili awabadilishe watu hao dini. Jambo hili halifai kufichwa wala kupunguzwa, maana ndilo lililomleta na ndilo lililomweka. Alihubiri hadharani mjini, na alitafsiri maandiko ya dini yake kwa Kimvita. Katika lengo hilo mji haukumfuata: Mombasa ilibaki ya Kiislamu kama alivyoikuta. Kile alichofanikiwa nacho ni jambo ambalo wakubwa wa shirika lake hawakumtuma kulifanya.

Mwanafunzi wa Kimvita

Wageni wengi wa wakati ule waliojifunza Kiswahili walijifunza Kiunguja. Askofu Edward Steere alikuwa amechapisha kitabu chake cha sarufi na hadithi zake za Kiswahili mwaka 1870, akitumia lugha ya mji wa Zanzibar, na kazi hiyo ilikuwa imeanza kuufanya Uunguja uonekane kuwa ndio Uswahili wenyewe. Taylor aliona vingine. Aliamini kuwa lahaja za kaskazini, na Kimvita hasa, ndizo zilizobeba ushairi na fikra za ndani za Waswahili, na kwamba mtu asiyezijua alikuwa amesimama mlangoni tu.

Imani hiyo ilimlazimu atege sikio. Kimvita kina sauti ambazo maandishi ya Kirumi ya siku zile hayakuzitofautisha. Paa la nyumba na paa wa porini huandikwa sawa, lakini Mmvita huyatamka maneno hayo mbali mbali, kwani la pili hutoka kwa pumzi. Ni vivyo hivyo kwa kaa la moto na kaa wa pwani. Aidha ipo t inayotamkwa kwa ulimi kugusa meno na t inayotamkwa kwenye ufizi, na mwenye kuzichanganya hujulikana mara moja kuwa mgeni. Taylor alizisikia tofauti hizi, akazitafutia alama, na akazitia katika maandishi yake. Wanaisimu wa baadaye waliochunguza matamshi ya Kimvita walikuta kuwa sikio lake halikumdanganya.

Lakini hakuna anayejifunza hayo kwa kusikiliza sokoni tu. Ilihitajika mtu wa kumrudisha nyuma alipokosea, wa kumweleza neno la zamani ambalo halisemwi tena, na wa kumtanabahisha pale ambapo ubeti una maana ya juu na maana ya ndani. Mtu huyo alikuwa Mwalimu Sikujua.

Hazina iliyokuwa ikipotea

Ili kuelewa kazi waliyoifanya wawili hao, yafaa kumkumbuka mtunzi waliyemfuatia. Muyaka bin Haji, aitwaye pia Muyaka wa Mwinyi Haji, alizaliwa Mombasa karibu mwaka 1776 na kufariki karibu mwaka 1840. Aliishi katika enzi ya Mazrui, waliotawala Mombasa bila ya kukubali amri ya Mabusaidi wa Omani. Alikuwa karibu na watawala hao, na ushairi wake ulikuwa sauti ya mji katika mambo ya vita na siasa.

Mambo hayo yalikuwa mazito. Karibu mwaka 1812, Mombasa na Pate zilishirikiana kuishambulia Lamu zikashindwa vibaya huko Shela, na Lamu ikamkimbilia Seyyid Said wa Omani ili aihami. Mwaka 1824 Mazrui walijaribu kujikinga kwa bendera ya Kiingereza, kinga ambayo haikudumu zaidi ya mwaka 1826. Seyyid Said akaja na merikebu zake mara kadhaa, na hatimaye mwaka 1837 akauchukua mji, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kuhamishwa. Muyaka aliyashuhudia yote hayo. Alitunga kuwahimiza watu wake, kuwakejeli maadui, kujibizana na washairi wa Lamu, na mwisho kuomboleza kilichopotea.

Wala hakuishia kwenye vita. Alitunga juu ya mapenzi na wivu, juu ya ufukara na marafiki wanaokimbia mfuko ukiwa mtupu, juu ya safari za baharini, juu ya mafumbo ya kutegeana akili. Kabla yake ushairi wa Kiswahili ulioandikwa ulikuwa kwa sehemu kubwa wa tenzi na kasida za dini. Muyaka alilichukua shairi la mishororo minne, lenye mizani kumi na sita na vina viwili katika kila mshororo, akalifanya chombo cha maisha ya kila siku. Kwa sababu hiyo wataalamu humhesabu kuwa ndiye aliyeutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni.

Lakini cha sokoni hakihifadhiwi kama cha msikitini. Utenzi wa dini ulinakiliwa kwa heshima, ukawekwa katika kasha, ukasomwa katika majlisi. Shairi la kumkejeli jirani au kumlalamikia mpenzi lilisemwa, likachekewa, likakaririwa, na likaachwa liende na upepo. Taylor alipofika mwaka 1880, miaka 40 hivi ilikuwa imepita tangu Muyaka kufariki. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati huo sasa alikuwa mzee wa miaka 60. Kama kazi ya kuyakusanya ingechelewa kwa kizazi kimoja tu, wale waliomsikia Muyaka kwa masikio yao wangekuwa wote makaburini.

Mwalimu Sikujua

Nisba ya al-Batawi huonyesha asili ya Pate, mji ambao kwa karne nyingi ulikuwa kitovu cha elimu na ushairi wa kaskazini. Mwalimu Sikujua alikuwa mjuzi wa ushairi na mtunzi mwenyewe. Alikuwa na mambo matatu ambayo mkusanyaji mgeni asingeweza kuyanunua: kumbukumbu, mkono wa kuandika, na heshima ya watu.

Heshima ndiyo iliyokuwa ufunguo. Wazee wa Mombasa hawakuwa na sababu ya kumfungulia kasisi wa Kizungu vifua vyao. Mashairi ya Muyaka yalitaja majina ya koo, yalitonesha vidonda vya vita ambavyo wajukuu wa walioshindwa na walioshinda walikuwa bado wakiishi mtaa mmoja. Mwenye kuyauliza alihitaji kuwa mtu wa ndani. Sikujua aliyakusanya mashairi hayo na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu, na Taylor akayanakili, akayaandika kwa herufi za Kirumi, na akayajazia maelezo: neno hili lina maana gani, tukio hili ni lipi, anayeambiwa hapa ni nani.

Mpangilio huo uliipindua ile picha ya kawaida ya wakati wa ukoloni. Mzungu ndiye aliyekuwa mwanafunzi, naye mwenyeji ndiye aliyekuwa mwalimu, kwa jina na kwa kazi. Pia ulikuwa ushirikiano wa watu wa dini mbili zilizokuwa zikishindania mji ule ule. Kasisi aliyekuja kuhubiri dhidi ya imani ya mwalimu wake alikaa naye chini kuzisoma beti zilizojaa imani hiyo. Kilichowaweka pamoja ni kuipenda lugha.

Kazi ya mkono na sikio

Ugumu wa kazi yenyewe hauonekani kwa msomaji wa leo anayefungua diwani iliyochapishwa vizuri. Hati ya Kiarabu, kama ilivyotumiwa na Waswahili kwa karne nyingi, haikuwa na herufi kwa kila sauti ya Kiswahili. Sauti ya p mara nyingi iliandikwa kwa herufi ya b, ya v kwa herufi ya f, na ya ch kwa herufi ya sh. Irabu za e na i zilitumia alama moja, na vivyo hivyo o na u. Mara nyingi m au n iliyotangulia konsonanti nyingine iliachwa kabisa. Matokeo yake, neno pata laweza kusomwa bata, kuvua kukasomwa kufua, na mbali kukasomwa bali.

Kwa msomaji wa zamani hilo halikuwa tatizo kubwa, kwa kuwa maandishi yalikuwa ukumbusho tu wa kitu alichokwisha kukijua. Alisoma kwa macho na kukamilisha kwa kumbukumbu. Tatizo huzuka pale kumbukumbu inapokufa na karatasi ikabaki peke yake. Hapo mswada huwa kama kufuli lililopotelewa na ufunguo. Ndiyo maana kukusanya karatasi tu hakutoshi. Mkusanyaji wa majalada ya ngozi aweza kukinunua kitabu leo na kukisoma baada ya miaka hamsini. Mkusanyaji wa miswada ya Kiswahili alipaswa kuupata mswada pamoja na mtu wa kuusoma, kabla mmoja wao hajaondoka.

Taylor na Sikujua walilielewa hilo. Walitilia maanani matamshi halisi, wakafafanua maneno magumu kando ya beti, na wakaziweka hati mbili, ya Kiarabu na ya Kirumi, zishuhudiane. Sanaa yenyewe ya ushairi iliwasaidia. Shairi la Muyaka lina mizani iliyokamilika na vina visivyobadilika, na kwa hiyo msomaji akikosea neno, mara nyingi sikio humshtua: silabi imepungua, au kina kimevunjika. Mizani na vina, ambavyo baadhi ya watu wa siku hizi huviona kuwa minyororo, hapa vilikuwa walinzi wa nyumba. Ubeti uliopita katika vinywa vya vizazi viwili ulifika ukiwa na mwili wake karibu mzima kwa sababu ulifungwa hivyo tangu mwanzo.

Matunda na kuondoka

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka uliofuata Taylor alichapisha huko London vitabu viwili vilivyompa jina. Kimoja ni msamiati na mkusanyiko wa Kigiriama, lugha aliyojifunza katika safari zake bara ya Mombasa. Cha pili ni African Aphorisms, mkusanyiko wa methali na misemo ya Waswahili zaidi ya 600, pamoja na maelezo yanayoonyesha jinsi methali inavyotumika na nani humwambia nani. Hadi leo mwanafunzi anayetaka kujua methali fulani ilisemwaje Mombasa kabla ya lugha sanifu kuizoea, hukirejea kitabu hicho. Mwalimu wake hakuwahi kukiona.

Taylor aliondoka Mombasa kabla ya karne ya 19 kwisha, katika miaka ambayo mji ulikuwa ukigeuka upesi. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki, mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid wa Mazrui akaongoza uasi, na mwaka 1896 reli ikaanza kujengwa. Enzi ambayo mashairi ya Muyaka yalikuwa bado yanasemwa na waliomsikia ilikuwa imefungwa.

Hakuiacha kazi. Mwaka 1915, C. H. Stigand alipochapisha kitabu chake juu ya lahaja za Kiswahili, Taylor aliandika utangulizi, akatoa pia matini aliyoihakiki na tafsiri ya kishairi ya Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir juu ya kuanguka kwa Pate na ubatili wa dunia. Lakini mashairi ya Muyaka, yaliyomgharimu muda na mapenzi mengi zaidi, hakuyachapisha kuwa diwani. Alifariki Uingereza mwaka 1927, na karatasi zake zikaingia katika maktaba ya chuo cha London kinachojulikana kama SOAS.

Diwani inapata jalada

Miaka 13 baada ya kifo cha Taylor, na karibu miaka 100 baada ya kifo cha Muyaka, mashairi hayo yalipata jalada. William Hichens, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Afrika Mashariki na ambaye alikuwa mpenzi mkubwa wa miswada ya Kiswahili, aliyahariri kutokana na karatasi za Taylor, yakachapishwa mwaka 1940 na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kwa jina la Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, pamoja na habari za maisha ya mtunzi. Kwa njia hiyo shairi lililotungwa kando ya bandari ya Mombasa liliandikwa Mombasa, likahifadhiwa London, na kuchapishwa Afrika Kusini kabla ya kurudi nyumbani.

Kurudi nyumbani kwenyewe kulikamilika mwaka 1979, Mohamed Abdulaziz, mwana wa Mombasa na mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipochapisha utafiti wake juu ya Muyaka na ushairi wa watu wa karne ya 19. Aliiweka kila tungo katika historia yake na kuyafafanua maneno kwa ujuzi wa mzawa. Kitabu hicho kikawa mlango wa vizazi vya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Huko London nako, mwanazuoni mwingine wa Mombasa, Sheikh Yahya Ali Omar, aliyeishi kati ya mwaka 1924 na 2008, alitumia miaka mingi akifundisha na kufafanua fasihi ya kale ya Kiswahili karibu na karatasi hizo hizo. Kama ilivyokuwa mwanzo, miswada iliendelea kuhitaji Mmvita wa kuisoma.

Tathmini

Maisha ya Taylor yana hukumu mbili, na msomaji mwadilifu hana budi kuzibeba zote. Ya kwanza ni kuwa alikuwa sehemu ya mkondo ulioleta himaya ya kigeni, na kwamba mkusanyo wake umeifanya hazina ya Mombasa ikae mbali na Mombasa. Mwanafunzi wa Kenya aliyetaka kuiona hati yenyewe alilazimika kwa miaka mingi kupanda ndege. Katika miaka ya 2000 maktaba ya SOAS iliorodhesha miswada yake ya Kiswahili katika katalogi, hatua iliyopunguza umbali huo ingawa haikuufuta.

Ya pili ni kuwa bila ya kazi ile kungekuwa na kidogo sana cha kugombania. Hati iliyo mbali yaweza kudaiwa, kupigwa picha, kunakiliwa na kusomwa. Ubeti uliozikwa na mwenyewe haudaiwi na yeyote. Taylor aliuthamini ushairi wa watu wakati ambapo wageni wengi hawakuamini kuwa Waswahili walikuwa na ushairi wowote, na wakati ambapo hata baadhi ya wenyeji waliona kuwa tungo zisizo za dini hazistahili wino.

Hata hivyo, iko haki moja ambayo haijatimizwa. Juu ya jalada la diwani huonekana jina la Muyaka na la mhariri. Katika utangulizi husomwa jina la Taylor. Jina la Sikujua hupatikana ndani zaidi, katika shukrani na maelezo, na wasomaji wengi hulipita bila ya kusimama. Ilhali ndiye aliyekuwa na mashairi kabla ya wote hao, na mkono wake ndio ulioyaweka kwenye karatasi. Waandishi wa nakala wa Siyu waliyaandika majina yao mwishoni mwa kazi, na hakuna aliyeona kuwa kufanya hivyo kunampunguzia mtunzi utukufu. Desturi hiyo ingefaa kufuatwa hapa pia, na kila anayeyanukuu mashairi ya Muyaka katika tasnifu au darasani amtaje aliyeyaandika.

Hitimisho

Mkusanyaji wa vitabu vilivyotiwa sahihi hutafuta alama ya mkono mmoja, wa mtunzi. Katika diwani ya Muyaka mkono huo haupo. Badala yake upo msururu wa mikono: ya wazee waliokariri, ya Sikujua aliyeandika, ya Taylor aliyenakili na kufafanua, ya Hichens aliyehariri, na ya Abdulaziz aliyewarudishia wenyewe. Kama mmoja katika msururu huo angekosekana, na hasa wa mwanzo, diwani hiyo isingekuwapo.

Kazi yao haijafika mwisho. Katika Mji wa Kale na Majengo, kama ilivyo Lamu, Pate na Unguja, vizazi vya wazee waliosoma hati ya Kiarabu kwa wepesi vinapungua, na vijana wengi wa vyuo vikuu hawaisomi. Karatasi ya babu iliyofungwa kwenye kitambaa ndani ya kasha yaweza kuwa utenzi, hati ya shamba, au hesabu ya deni. Asiyejua kuisoma hana njia ya kutofautisha, na asichokijua mtu huwa rahisi kwake kukitupa. Somo la maisha ya Taylor kwa mwanafunzi wa Kiswahili liko hapo. Na ajifunze hati ile, aende kwa mwalimu angali hai, akae chini kama Taylor alivyokaa, na atakapomaliza kuandika, aliweke jina la mwalimu wake pale ambapo kila msomaji ataliona.